Kifua cha Wabuge

Mimi sina subira, na mtu asinidanganye kwamba upofu unafundisha subira. Nilipoteza macho nikiwa na miaka ishirini na miwili, sasa nina thelathini na mitatu, na hasira zangu ziko pale pale. Ndiyo maana Wabuge aliponiharibia mbio mwezi wa pili, sikupokea simu zake wiki tatu nzima.

Wabuge ni mwongozaji wangu. Sisi tusioona tunakimbia na mtu anayeona, kila mmoja ameshika ncha moja ya kamba fupi. Yeye ananiambia kona inaanza wapi na nani yuko mbele. Miguu ni yangu. Lakini kwenye mstari wa mwisho lazima nivuke mimi kwanza. Mwongozaji akivuka kabla yangu, tunafutwa wote wawili.

Alitoka Kimilili miaka kumi iliyopita akaja Eldoret kuwa mwanariadha. Mbukusu kushindana na Wakalenjin, mabingwa wa mbio, watu walicheka mpaka wakachoka. Alfajiri alifanya mazoezi, mchana akapakia mahindi kwenye malori, na miaka yote hiyo hakuwahi kushinda hata mbio za kanisa. Sasa mwezi wa pili, mita ishirini za mwisho, tulikuwa mbele peke yetu. Wabuge akaona mstari mtupu kwa mara ya kwanza maishani, akatoa kifua, akavuka kabla yangu. Eldoret hii hata mtu anayekimbia mvua anamaliza na kifua. Mimi nikainua mikono juu nikishangilia, kumbe refa ameshatufuta.

"Rosebella, sijui nini iliniingia," alisema.

"Tamaa ndiyo iliyokuingia," nikamjibu. "Nenda ukimbie zako."

Nilisema na mengine ambayo siyarudii hapa.

Nikatafuta mwongozaji mwingine. Wakimbiaji wamejaa mji huu, lakini kila mmoja ana kambi yake na safari zake. Bwana mmoja wa mtaa wa Elgon View, Oluoch, mwenye viatu vya bei, alijitolea. Mzunguko wa tatu alikata pumzi, nikamkokota mimi hadi mwisho. Kocha wangu, Lynette, alicheka, halafu akaniambia bila kunipaka mafuta, "Jumamosi ni majaribio ya mwisho. Kwa mbio zako timu ya taifa inachukua mtu mmoja. Ukikosa mwongozaji, utawasikiliza wenzako kwa redio."

Jioni hiyo, nikiwa nyumbani, mtaa wa West Indies, nikampigia Wabuge. Alipokea mara moja.

"Utarudia?"

"Sijui," akasema. "Mwili umezoea. Nikikuambia siwezi kurudia, nitakuwa nakudanganya."

Jibu hilo liliniudhi, halafu likanituliza. Mwongo angeapa kwa jina la mama yake.

Siku nne tulifanya kazi moja tu, kumaliza. Siku ya kwanza karibu kila mara alinipita, na kamba ilikuwa inanivuta mkono mbele. Siku ya nne alikuwa anabaki nyuma, lakini mazoezi ni mazoezi, hakuna mtu unayemkimbiza wala anayekupigia makofi.

Jumamosi tulikuwa wanawake sita. Niliyemhofia ni Nelima wa Kakamega.

"Nelima yuko mbele, hatua tatu," Wabuge aliniambia mita mia mbili za mwisho. "Kona inaisha. Sasa. Tumempita."

Watu wakaanza kupiga kelele. Nikasikia pumzi ya Wabuge ikibadilika, ikawa ya mtu anayekitaka kitu, nami nikaogopa. Mita ishirini, kumi na tano. Nilingoja kamba inivute mbele. Ikalegea, halafu ikakaza kutoka nyuma, na sauti yake ikatokea mgongoni kwangu.

"Tangulia, Rosebella. Tangulia."

Miaka kumi na mmoja watu wamenishika mkono wakapita mbele yangu, kanisani, sokoni, hata kwenye mlango wa choo. Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Mbele hapakuwa na bega la mtu, palikuwa na upepo tu. Nikautolea kifua.

Refa alichukua muda wake. Nilimsikia akishauriana na mwenzake. Kisha akatangaza, "Mwanariadha kwanza, mwongozaji nyuma. Ni halali." Kocha Lynette akanirukia shingoni, akisema nianze kufunga begi.

Nilipomtafuta Wabuge kwa mkono nikaupata uso wake umelowa, na halikuwa jasho peke yake.

"Nini sasa? Tumeshinda."

"Najua. Niliuona tena ule mstari."

"Ulikuwaje?" nikamuuliza.

"Mweupe," akasema. "Na mbele yangu kulikuwa na mtu mmoja tu. Nikafurahi ni wewe."