Nukta ya Mzee Metro

Wiki nzima kabla ya kwenda kupigwa picha ya ubongo, mzee Metro Hnatiuk alilala sakafuni jikoni kwake, kichwa chini ya meza, huku mkewe Olha akigonga sufuria kwa mwiko. Walikuwa wameambiwa mashine ile ina kelele na anayeingia hatakiwi kutikisika. Mzee alikuwa mkulima wa ngano, na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mwili, ulikuwa umemshika vilivyo. Mkono wa kulia ulimkatalia kabisa kutulia.

"Gonga kwa nguvu," alisema toka chini ya meza. "Unagonga kama unaogopa majirani."

"Majirani wenyewe wako maili mbili. Tulia wewe."

Yote hayo alikuwa akimfanyia binti yake. Larysa aliacha kazi ya utabiri wa hali ya hewa akaingia kwenye kozi moja kule mjini Saskatoon, inayochukua watu wa hesabu na kompyuta na kuwafundisha kutafiti magonjwa yanayokula ubongo. Utafiti ulihitaji wagonjwa wa kujitolea. Mzee alijitokeza bila kubembelezwa, na aliporudi alitamba kilabuni, kwa wenzake wa mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu.

"Sikutikisika hata kidogo," aliwaambia. "Sasa kichwa changu kinamfundisha binti yangu kazi."

Sasa, kazi ya kwanza wanayopewa wanafunzi wa kozi ile ni kusafisha. Picha zikishakusanywa, majina na nyuso hufutwa, kisha mwanafunzi huandika programu ya kutupa zilizoharibika, maana mtu akitikisika ndani ya mashine picha hutoka na ukungu. Kiwango cha kutupa anakipanga mwenyewe. Larysa alikikaza. Akaona kompyuta inabashiri ugonjwa vizuri zaidi, akakaza tena. Grafu yake ikatoka safi kuliko ya mwenzake yeyote, nukta zote zimejipanga kwenye mstari, na jamani, sifa ni tamu. Mwalimu wao, Dkt. Joyce Penner, mama asiyesifu ovyo, akamchagua yeye awasilishe kazi siku ya kuwaalika wagonjwa na jamaa zao.

"Lakini kabla hujasimama mbele za watu, fungua zile ulizotupa," Dkt. Penner alimwambia. "Zitazame kwa macho yako mwenyewe. Usiiachie kompyuta kila kitu."

"Nitazitazama, Daktari."

Wapi. Alikuja kuzifungua asubuhi ya siku yenyewe, kikombe cha kahawa mkononi, kwa kutimiza wajibu tu. Alipita ukungu baada ya ukungu, mpaka picha moja ikamsimamisha. Nyuma ya sikio la kushoto fuvu lilikuwa na kishimo. Kishimo kile alikijua. Baba yake alipigwa teke na farasi utotoni, na Larysa ndiye aliyekuwa akimnyoa tangu yuko shule, kidole kikipita palepale kila mara.

Akatafuta maelezo ya wengine aliowatupa. Karibu wote walikuwa wagonjwa waliozidiwa. Hapo akaelewa alichofanya. Kwenye grafu yake nzuri walibaki wale wanaoweza kulala wakatulia, na wanaotikisika, ambao ndio hasa wagonjwa wenyewe, aliwafagia nje kama takataka.

Angeweza kumpigia Dkt. Penner. Muda ulikuwepo. Badala yake alifunga kompyuta akaenda kubadilisha nguo. Hilo linamuuma mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mzee Metro alikaa mstari wa mbele, kafunga tai. Larysa alieleza kwamba kila nukta ni mtu mmoja, watu wakapiga makofi. Walipokwenda kunywa kahawa, baba yake alijikongoja na fimbo mpaka ukutani, ilipokuwa grafu.

"Mwalimu," alimtania kwa sauti ya chini, "mimi ni nukta ipi?"

Larysa angeweza kusema majina yamefutwa na hairuhusiwi. Ingekuwa kweli, na yangeishia hapo. Lakini alimwona mzee alivyokuwa akingoja, akanyoosha kidole katikati ya mstari.

"Ile pale, Baba."

"Olha! Njoo unipige picha na nukta yangu."

Picha ile ikabandikwa kwenye friji. Larysa alikaa nayo moyoni siku kadhaa, kisha akaenda kwa Dkt. Penner akasema yote. Mwalimu hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alimwambia tu azirudishe picha zote aanze upya. Grafu mpya ikatoka ovyo, nukta zimetawanyika, moja ikiwa peke yake pembeni kabisa.

Aliipeleka nyumbani Jumapili. Sauti ya baba yake ilikuwa imefifia, ilibidi umwinamie ndipo umsikie. Larysa aliiweka grafu mezani.

"Baba, nilikudanganya. Ile nukta si yako. Picha yako niliitupa kwa sababu ulitikisika. Yako ni hii ya pembeni."

Mzee aliitazama, kisha akageukia ile picha kwenye friji.

"Na yule ni nani?"

"Simjui."

"Ametulia, maskini." Akavuta pumzi. "Nilijua nimetikisika. Mashine waliisimamisha mara tatu."

"Si ulisema hukutikisika hata kidogo?"

"Yale yalikuwa ya kilabuni, mwanangu." Akacheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, Olha akaja kumfuta mdomo. Alipopata sauti tena alimshika binti yake mkono kwa ule wake unaotetemeka. "Mwanzoni nilijikaza sana. Halafu mwili ukagoma. Nikasema basi, acha utikisike, wauone. Si ndicho mlichokuwa mnakitafuta?"

Larysa alitaka kusema ndiyo, Baba, ndicho. Akabaki amekaa, mkono wake ukitikiswa na wa baba yake juu ya meza.