Amplifaya Iliyopiga Bila Taa

Mama Taa alichomoa taa ya nne, iliyokuwa ya mwisho, akailaza juu ya kitambaa pamoja na zile tatu, kisha akagusa uzi wa gitaa la kujaribia lililounganishwa na sanduku.

Amplifaya ikapiga.

Aliurudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akainama kutazama. Matundu manne, yote matupu. Akagusa tena, safari hii uzi mnene, na sauti ikatoka nzito, tamu, ileile ya siku zote, hata bisibisi zikacheza ndani ya kopo.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Sasa hii nayo ni nini?"

Amplifaya za zamani za namna ile haziendi bila taa zake, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama kaa. Wengine huziita vali. Marehemu mume wake aliziita taa, na ndiyo sababu mjane wake akabaki na jina hilo. Sauti ya gitaa huingia kwenye taa ya kwanza ikiwa nyembamba, inatoka kwenye ya mwisho ikiwa imenenepa, ndipo inakwenda kwenye spika. Ukizitoa umebaki na kabati la mbao. Mama Taa aliishia darasa la saba, lakini jambo hili halikuhitaji shule. Ilikuwa sawa na kukuta maji yanatokota na jiko limezimwa.

"Mama, unaongea na nani?" aliuliza binti yake, ambaye alikuwa na cherehani yake upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, akishona sare za wanafunzi.

"Njoo uone. Hebu tazama humu. Unaona taa?"

"Sioni."

"Haya, sikia." Akapiga uzi.

Binti alitazama matundu, akatazama spika, akatazama matundu tena. "Labda ni muujiza."

"Muujiza hauchomekwi ukutani. Acha mzaha."

"Basi labda hizo taa zilikuwa zinakaa bure tu, kama wajomba zangu," alisema binti, akarudi kwenye cherehani yake akicheka.

Mama Taa hakucheka. Neno lile la mzaha lilimwingia kama mwiba.

Sanduku lenyewe lilikuwa la Nyuzi Sita, mpiga gitaa, rafiki wa marehemu tangu wakiwa vijana wasio na ndevu. Alilileta asubuhi, amelipakia kwenye kigari cha kusukumia mtoto, kile cha mjukuu wake, na magurudumu yalilia njia nzima.

"Shemeji, mgonjwa huyu," alisema. "Taa moja imezima. Tangu juzi sauti imepoa kabisa, kama uji wa jana."

Mama Taa alitazama nyuma, akaona kweli, tatu zinawaka na moja ni nyeusi. Akatafuta nyingine ya aina hiyo kwenye boksi la akiba, akaichomeka, ikawaka. Nyuzi Sita akapiga vidole viwili vitatu, akafumba macho.

"Umeona? Moto umerudi! Marehemu hakukosea kukuachia kazi hii."

Lakini Mama Taa alikuwa amesimama palepale, na masikio yake hayakusikia tofauti yoyote, hata ya unywele. Ilikuwa vilevile kabla na vilevile baada. Alijiuliza, mimi ndiye sisikii, au yeye ndiye anasikia kisichokuwepo? Kwa kuwa hakupenda mtu aondoke na kitu ambacho yeye mwenyewe hakielewi, akamwambia aliache sanduku hadi saa kumi. Nyuzi Sita alipokwisha kwenda ndipo akaanza kuchomoa taa moja moja, mpaka akafika hapo tulipomkuta.

Sasa alizima, akatoa plagi ukutani, akangoja. Ndani ya masanduku yale umeme hukaa umejificha hata baada ya kuzima, na unaweza kumlaza mtu chini. Marehemu alimfundisha mambo mawili kabla ya mengine yote: mkono mmoja uuweke mgongoni, na kabla hujagusa kitu, uutoe kwanza umeme uliolala. Akaweka mkono wa kushoto mgongoni, akagusisha waya wake pale panapostahili. Alitarajia cheche, lakini hapakutoka hata nukta.

Akafungua ubao wa chini, akawasha tena, akapima kwa mita. Mahali panapotakiwa volti mia tatu, alikuta thelathini na tano. Akadhani mita imeharibika. Akaipima betri ya redio, mita ikasema kweli. Akarudia. Thelathini na tano.

Alizima kwa mara nyingine na kuchukua tochi. Ile transfoma kubwa ya asili, msokoto wa waya unaopandisha umeme kwa ajili ya taa, ilikuwepo, lakini nyaya zake zilikuwa zimekatwa na kufungwa kwa utepe wa gundi. Nyuma yake, mahali ambapo jicho haliendi mpaka ulilazimishe, palikuwa na transfoma ndogo, na kando yake kibao kisichozidi kiganja, chenye transista, vile vidude vya kisasa ambavyo havijui kuwaka. Sauti yote ilikuwa inapita hapo. Kwenye zile taa nne zilikwenda nyaya mbili tu, za kuzitia mwanga. Zilikuwa za kuangaza. Pambo.

Mama Taa aliketi kwenye kigoda.

Sanduku hili lilitengenezwa hapa. Nyuzi Sita hakuwahi kulipeleka kwingine. Angelala njaa kwanza. Kwa hiyo ni marehemu. Na marehemu, mtu ambaye kila alfajiri yeye mkewe alipopiga magoti alimshukuru Mungu kwa kumpa, kwa sababu hakuwahi kumdanganya mteja hata kwa urefu wa uzi, ndiye aliyemuuzia rafiki yake mwanga akamwambia ni sauti? Watu walikuwa wakimletea kazi mpaka leo kwa heshima ya jina hilo. Yeye mwenyewe alikula, akavaa, akamlea binti kwa jina hilo.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Kuna mtu mwingine aliingiza mkono humu."

Akasogeza tochi atafute mkono wa nani. Maana lehemu ya fundi ni kama mwandiko wake. Matone ya marehemu yalikuwa madogo, yanang'aa, kama punje za mtama. Haya yalikuwa manene, yamefifia, na kila moja lilikuwa na kimkia, kama kiluwiluwi. Alifurahi kwanza. Si yake! Kisha akasogeza uso karibu zaidi na furaha ikamtoka.

Aliijua mikia ile. Ilikuwa yake mwenyewe, ya wakati ule alipokuwa bado hajajua kuondoa pasi ya kulehemu kwa wakati.

Ule ulikuwa mwaka ambao mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Alikuwa akikaa kwenye kiti chenye mto, palepale karibu na meza, akimwelekeza. "Hapo chini ya kile cheusi. Weka moto. Hesabu tatu. Toa. Umechelewa kutoa, mke wangu, lakini itashika." Naye alifanya kama mtu anayemtungia kipofu uzi kwenye sindano, bila kuuliza nguo ni ya nani. Masanduku yalikuwa mengi. Kama mumewe alimwambia hili ni la Nyuzi Sita, hakukumbuka. Kama alimuuliza kwa nini tunakata nyaya hizi, hakukumbuka pia. Alikumbuka harufu ya moshi wa lehemu tu, na kikohozi cha mumewe.

"Mwanangu," aliita. "Baba yako alikuwa mwongo?"

Cherehani ikanyamaza. "Mama! Umepatwa na nini leo?"

"Nauliza tu."

"Baba aliyenichapa kwa kusema nimekula mkate nusu ilhali niliula wote? Huyo?"

"Huyo."

"Basi sijui unachouliza," alisema binti, na sasa hakuwa na mzaha. "Na wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na nane. Mimi nitajua nini?"

Saa kumi kamili kigari kililia nje, na Nyuzi Sita akaingia na gitaa lake mgongoni.

"Shemeji, ketini," alisema Mama Taa.

"Mbona 'ketini'? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ketini mgongo mnipe mimi, uso muelekeze mlangoni. Pigeni, halafu mniambie sauti ikoje."

Nyuzi Sita aliona ni mchezo, akakaa. Mama Taa aliwasha sanduku, taa zote zikiwa zimerudishwa mahali pake, akamwacha apige. Kisha akazichomoa moja moja kwa kitambaa, maana zilishaanza kuchoma, mpaka zikaisha.

"Sasa?"

"Hapo mwanzo ilikuwa imelala kidogo. Sasa... aa, sasa umeweka! Hapo hapo. Usiguse kitu tena. Huo ndio moto wa taa ninaousema miaka yote, vijana hawanielewi!"

"Geukeni, shemeji."

Akageuka. Aliona matundu manne matupu, na taa nne kwenye kitambaa mapajani mwa mjane, zimelala kama mayai. Akapiga uzi mmoja, polepole. Ikalia. Akautuliza kwa kiganja.

Mama Taa alimweleza yote, bila kupunguza: transfoma ndogo, kibao, nyaya mbili za mwanga. "Na mkono ni wangu," alimaliza. "Akili ni ya marehemu, lakini mkono ni wangu. Sikujua ninachofanya. Nimeona niwaambie, shemeji, kabla sijaogopa."

Mpiga gitaa alitazama matundu tena. "Kwa hiyo miaka sita hii nimekuwa nikipiga nini?"

"Sijui niseme nini."

"Nimegombana na watu, shemeji! Nimewaita wenzangu viziwi. Kuna mmoja mpaka leo hatusalimiani, kwa sababu alisema vyombo vya transista ni sawa tu."

"Labda mumsalimie," alisema binti kutoka dirishani, na mama yake akamkata jicho.

Nyuzi Sita akajikuna kidevu. "Wakati ule nilimpa siku tatu. Naikumbuka. Nilikuwa na harusi Jumamosi, nikamwambia lipige kwa namna yoyote ile, hata kwa uchawi. Akaniambia transfoma imeungua ndani, kuisuka upya ni kazi ya wiki mbili kwa mikono mizima. Nikamwambia mimi sitaki hadithi. Nilipokuja kulichukua alinishika mkono pale mlangoni. Akasema, 'Nyuzi, kuna jambo juu ya hili sanduku.' Gari linanipigia honi. Nikamwambia utaniambia Jumatatu."

Mama Taa alisogea mbele. "Na Jumatatu?"

"Jumatatu nilikuja msibani."

Kumbe alitaka kusema. Mama Taa alihisi mzigo unashuka begani mwake, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, na kabla hajamaliza kushukuru Nyuzi Sita akaongeza:

"Au labda alisema juu ya spika. Unajua, alikuwa akinisumbua sana kuhusu unyevunyevu. 'Usiliweke chini, usiliweke chini.' Huenda jambo lilikuwa hilo."

"Shemeji, kumbukeni vizuri!"

"Ndivyo ninavyokumbuka! Alisema kuna jambo. Jambo gani, yeye na Mungu wake."

Mzigo ukapanda tena, lakini haukukaa palepale ulipokuwa. Sasa ulikuwa umelalia upande, na Mama Taa hakujua aubebeje.

"Liache hivyohivyo," alisema mpiga gitaa, akisimama. "Turudishie hizo taa ziwake, nami nitanyamaza. Sauti nimeisifu kwa mdomo wangu."

"Nikizirudisha leo nitakuwa nimedanganya mimi, na safari hii najua ninachofanya."

"Sasa unataka nini, shemeji?"

"Niisuke ile transfoma kubwa. Wakati ule sikujua kusuka, sasa najua. Taa zifanye kazi yake. Lililoanzwa humu ndani limalizwe humu ndani."

"Na likirudi na taa za kweli, nami nikaona sauti ni mbaya kuliko hii ya uongo?"

Mama Taa alifikiri. "Hapo sijui."

"Mimi nawe tuko sawa, basi," alisema Nyuzi Sita. Hakukasirika, wala hakucheka. Alimshika mkono, akaushikilia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama anayejaribu kukumbuka mkono mwingine ulivyokuwa. Kisha akasukuma kigari chake kitupu, akaenda zake bila kusema atarudi lini.

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala, ambamo alifika pale pa kumshukuru Mungu kwa ajili ya marehemu akasita, akasema tu "Wewe unajua," Mama Taa aliivua transfoma, akaufungua waya ulioungua, akafunga waya mpya kwenye kijiti cha mbao cha kuzungushia na kuanza kusuka kwa mkono. Mizunguko elfu mbili na mia mbili, kila mmoja ubavuni mwa mwenzake, bila kupandana. Ukikosea hesabu, volti nazo zinakosea.

Alikwenda vizuri. Mia moja. Mia tatu. Alipofika mia nne na kidogo, alimwona kimawazo mumewe mlangoni, ameushika mkono wa Nyuzi Sita, mdomo umefunguka, honi inalia huko barabarani. Alijaribu kuusoma ule mdomo. Ulisema sanduku. Au spika. Au ulikuwa unavuta pumzi tu, mgonjwa yule.

"Mama, umefika ngapi?" aliuliza binti.

Mama Taa alitazama waya mikononi mwake. Mia nne na arobaini? Mia tano na arobaini? Alijaribu kuihesabu kwa ukucha, mstari juu ya mstari, mpaka macho yakamwaga maji.

"Sijui," alisema. Akaufungua waya wote, akaishika upya ncha yake, akasema, "Moja."