Kidole cha Kuazima

Mjini kote hapakuwa na fundi cherehani aliyeijua sindano kama yule mzee. Ya cherehani, lakini. Ile ya hospitali akiiona tu, hukumbuka ghafla kwamba kuna suruali ya mteja inamngoja, akajiondokea akichechemea.

Alichechemea kwa kidonda cha kidole gumba cha mguu, mguu uleule wa kukanyagia cherehani. Daktari hakumzungusha: sukari ikishuka, kidonda kitapona, isiposhuka, ataanza sindano za kila siku, na kidole chenyewe huenda kikakatwa. Binti yake, aliyefanya kazi mbali, akanunua kipimo cha nyumbani, cha kuchoma kidole na kupima tone la damu, na kuagiza atumiwe picha ya namba kila asubuhi.

Asubuhi ya kwanza namba ilitisha. Mzee akaitazama, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Watoto, hebu niazime kidole."

"Chako kimefanya nini?"

"Changu kina maneno mengi."

Mkewe akacheka, akampa. Namba ikatoka imetulia kama mgeni wa heshima. Binti akafurahi, ukoo mzima ukapigiwa simu. Mzee akajikorogea chai, vijiko vya sukari vimejaa pomoni. Hakuwa mlafi. Moyoni alishikilia jambo moja tu: anayekunywa chai yake ni mzima, na siku atakayoiacha ndiyo siku atakayoanza kuumwa.

"Unamdanganya mtoto," mkewe alimwambia akimfunga kidonda. "Mguu huu hauangalii picha."

"Wewe funga tu. Uuguzi wote huo na mshahara huna."

Akaendelea kuazima, hadi asubuhi moja kidole cha mkewe kikatoa namba kubwa. Mzee akakipangusa, akachoma kingine. Ileile.

"Inasemaje?" mkewe aliuliza. Siku hizo hata miwani haikumsaidia kusoma, na mtungi wa maji alikuwa haachani nao.

Mzee akafikiri. Akimwambia, mkewe ataenda hospitali, na kidole cha kuazima kitakwenda naye.

"Nzuri," alisema, akamtumia binti picha ya zamani. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata.

Kidonda kikaanza kunuka. Binti akafunga safari, akawachukua wazazi wote wawili hadi kliniki. Muuguzi akampima mzee, akatikisa kichwa.

"Lakini asubuhi alinitumia namba nzuri," binti alisema.

Muuguzi akavigeuza vidole vya mzee kimoja kimoja. "Mzee, hapa hapajachomwa kitu."

"Ngozi ya fundi, mwanangu. Haishiki alama."

Macho ya muuguzi yakahamia kwenye mkono wa mke wa mzee uliokuwa juu ya mkoba. Ncha za vidole zimejaa vitundu. Akampima naye, akamwonyesha binti namba. Binti akaketi, akaitazama chupa ya maji ya mama yake.

"Mama, kiu hii imekuanza lini?"

"Muda sasa. Nilidhani ni joto." Kisha akamgeukia mumewe, sauti haikupanda hata kidogo. "Leo asubuhi ulisema namba yangu ikoje?"

"Nzuri."

Binti akafungua simu, akatafuta picha ya leo, akaiweka pamoja na ya miezi iliyopita. Namba moja. Kando ya kipimo, kipande kilekile cha uzi mwekundu, kimejikunja vilevile. Akampa mama yake simu. Mama akaisogeza karibu kabisa na macho, akakaa nayo.

"Uzi mwekundu ninao mwingi," mzee alisema.