Kengele ya Waliomaliza

"Nusu ya mashairi haya ni mabovu, Verla," alisema Profesa Amundson, akivua miwani. "Wewe mwenyewe umeandika hivyo. Sasa mbona umeyatetea kurasa zote hizi?"

Verla Haugen alifuta viganja kwenye sketi. Ilikuwa sketi ya kanisani. Mwili wake ulizoea ovaroli ya mafundi wa Chuo cha Nordahl, na fungu la funguo kiunoni. Chumba hiki alikipaka rangi mwenyewe, lakini leo rangi haikumsaidia kitu. Maprofesa watatu walikuwa wamefungua tasnifu yake juu ya mashairi yaliyochongwa kwenye makaburi ya zamani ya wakulima wa pale Minnesota, nao walikuwa wakingoja.

"Aliyeyatunga hakuwa mshairi," alisema. "Alikuwa baba aliyefiwa na mtoto. Vina vilimshinda na alijua. Akachonga hivyo hivyo."

"Hiyo ni huruma," alisema mama wa idara ya Historia. "Mimi naomba hoja."

Hapo jasho likamtoka kweli. Alifungua sura ya tatu, akaanza upya, polepole. Alikubali alipokosea, akang'ang'ania pale alipojua yuko sawa, na mama wa Historia alipombana tena, naye akambana.

Pale Nordahl matokeo hayatangazwi kwa mdomo. Anayefaulu kutetea tasnifu hupanda mnara wa kanisa la chuo, akapiga kengele, na kijiji kizima kikajua. Tena anayeigusa ikalia kabla hajamaliza masomo, hatamaliza. Wanafunzi huliamini hilo, na maprofesa, wanaocheka kila kitu, hilo hawalicheki.

Kwa miaka ishirini Verla ndiye aliyeitia kengele grisi na kuibadilishia kamba, huku akisoma somo moja moja kila muhula baada ya kazi. Kila alipotaka kuijaribu kamba mpya, aliuvika ulimi wa kengele soksi nene ya sufu ya mumewe, akaikaza kwa uzi, ndipo akavuta. Kengele ilibembea kimya. Haikuwahi kulia kwa mkono wake hata mara moja.

Asubuhi hiyo mumewe, Duane, alimwambia akimalizia kahawa, "Saa tisa nazima trekta, nisikie vizuri."

"Una wazimu? Mvua inakuja, na soya hujamaliza kupanda."

"Mvua itangoja. Nisiposikia kengele, nitajua."

"Utajua nini?"

"Kwamba leo napika mimi."

Na sasa Profesa Amundson alikuwa amesimama na kumpa mkono. "Nenda kapige, Verla. Tumeisubiri sana hiyo kengele, wewe na sisi."

Alitoka ameinua kichwa. Aliona fahari, na hakuificha. Aliipitisha ukumbini mbele ya picha za wakuu wote wa chuo waliotangulia. Nje, wanafunzi walikuwa wamekwisha kujaa kwenye majani.

"Bi Verla, usije ukatuvunjia kengele!"

"Nikiivunja naitengeneza mwenyewe. Wewe ukiivunja utamwita nani?"

Walicheka, naye akapanda. Kutoka dirisha la chumba cha kamba aliliona shamba lao ng'ambo ya barabara, weusi wa udongo uliolimwa, na trekta ya kijani imesimama katikati. Duane alikuwa ameketi juu yake, mdogo, ametulia. Verla alishika kamba kwa mikono miwili, akavuta.

Kamba ililia. Kengele haikulia.

Alivuta tena, kwa nguvu zote. Kimya.

"Bi Verla, kula kwanza ndio uvute!" sauti ilitoka chini.

Soksi. Aliuvika ulimi wa kengele juzi alipobadilisha kamba, akajiambia ataitoa asubuhi, na asubuhi akaishia kusoma sura ya tatu. Alitazama dirishani. Saa tisa ilikuwa imepita zamani. Yule mtu kule shambani alikuwa akisikiliza kimya, na kila dakika ya kimya ilikuwa ikimwambia uongo.

Alipandisha sketi ya kanisani, akakwea ngazi ya chuma. Fundo lilikuwa la kwake, na Verla hafungi fundo la kulegea. Kucha zilishindwa. Alilegeza kwa meno, akicheka na kulaani kwa Kinorwe cha bibi yake, hadi uzi ukakatika. Alishuka na soksi mkononi bila kukiona kidato hata kimoja cha ngazi.

Safari hii kengele iliitika. Sauti yake ilimpita kifuani, ikatoka nje juu ya paa, juu ya majani ambako vijana walikuwa wakipiga makofi, juu ya barabara. Alivuta tena na tena, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Alipochoka alikwenda dirishani. Mvua ilikuwa imefika ukingo wa shamba, na mistari kadhaa ilikuwa haijapandwa. Trekta ilikuwa bado imezimwa. Duane alikuwa ameshuka, amesimama kwenye udongo, kofia mkononi, uso ameuelekeza mnarani. Matone ya kwanza yalianza kumlowesha kichwa, naye hakuivaa kofia.

Verla alitoa mkono dirishani, akampungia soksi.