Pistoni ya Kubana

Bwana yangu Athanase hakuwahi kula mbele ya mama yangu. Hata maji hakunywa. Akimuona anakuja ku njia, anajitenga pembeni, anainamisha kichwa, anangoja apite. Mama akimuuliza kitu, jibu iko moja tu: ndiyo, mama. Njo desturi yetu sisi watu wa ngombe hapa Masisi, mukwe hapingane na mama-mukwe. Watu walikuwa wananisifia, Pétronille, wewe ulipata muntu wa heshima, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele, mujinga kabisa. Siku hizi nikisikia hiyo neno heshima, nasimama, naondoka.

Athanase njo alikuwa anaendesha pikipiki ya dispansere, ile nyumba ya dawa, na kuitengeneza. Ilikuwa ile aina ya kuchanganya oili na esanse, njo petroli, mu tanki moja, inakohoa asubuhi yote na kutoa moshi. Kazi alijifunza Goma, mu garaji moja, mbele tuoane. Hapa kwetu hakukuwa mwengine wa kuigusa.

Mudogo wangu Dancille yeye aliolewa mbali, kule Itebero, mu pori ya Walikale, kwa muwindaji mumoja jina lake Raphaël. Mama hakupenda hata kidogo. Alisema watu wa kule hawana ngombe, sasa mutoto wake atakunywa nini? Dancille akacheka, akafunga mizigo, akaenda. Alikuwa na tabia ya kucheka mbele umalize kusema, ilikuwa inanikasirisha, na leo ningetoa kila kitu niisikie mara moja tena.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, mu mvua nyingi, Raphaël akatokea mu kiwanja yetu kwa miguu. Miguu imevimba, macho mekundu. Akasema Dancille amezaa musichana, mutoto iko muzima, lakini mama yake anawaka homa, tumbo imekuwa gumu, na anatoa harufu. Njiani kote alikuwa anauliza dawa na hakupata. Tukamupeleka kwa Papa Léonard, infirmie, muganga wa dispansere. Papa Léonard akamusikiliza paka mwisho, akaenda mu kabati, akatoa penisilini na sindano, akazifunga vizuri mu pamba na kitambaa. Akatuambia wazi: ikimufikia haraka, anapona. Ikichelewa, basi.

Haraka na nini? Malori yote yalikwama mu matope upande wa Sake. Kilichobaki ni pikipiki, nayo ilikuwa kwetu pale chini, tumbo wazi. Pistoni ilikuwa imeharibika: zile pete zake zilivunjika, zikatafuna kichwa yake paka namba iliyoandikwa pale ikafutika. Bila ile namba huwezi kujua kipimo. Kwa hiyo, mbele njia ifungwe, Goma walikuwa wametuma pistoni mbili, moja ya kawaida na moja yenye kuzidi kidogo, tuchague wenyewe.

Athanase akatandika gunia, akaziweka pale. Akaingiza ile ya kwanza mu silinda na vidole. Ikashuka yenyewe, bila kusukumwa, na ukiitikisa inacheza kidogo. Akatoa karatasi ya sigara, akaipitisha kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ikapita. Akaingiza ya pili. Hiyo ilitaka oili na kusukumwa na kidole gumba. Ilishuka polepole, imenyamaza, haichezi hata kidogo. Karatasi ikakatala kupita. Niliona akaikunja ile karatasi, akaiangalia.

Mama alikuwa amekaa ku kiti cha mulango. Jina lake Kanyange, na hapa Masisi nzima ukisema siagi, watu wanasema Kanyange. Alisimama, akakuja, akachukua pistoni zote mbili mu mikono. Athanase akageuza uso, vile inatakiwa.

"Hii inalegea," mama akasema. "Mimi nimetikisa maziwa mu kisabo tangu sijavunja ungo. Kibuyu yenye kizibo cha kulegea, unatikisa paka jioni, siagi haikuji, maziwa inamwangika. Kizibo kinapashwa kushika. Weka hii yenye kushika."

Raphaël naye akaitika. Alisema hata bunduki yake ya kutia baruti iko vile, risasi yenye kulegea inaanguka karibu, yenye kubana njo inafika. Muntu wa ngombe na muntu wa pori, mara ya kwanza walisikilizana, na ilikuwa kwa jambo hilo.

Nikamuangalia Athanase. Alifungua kinywa. Nilimuona, alifungua kinywa kabisa. Halafu akasema, "Ndiyo, mama."

Mama akachovya kidole mu siagi, akapaka ile pistoni ya kubana ku kichwa, vile tunafanyaka na kitu kipya tunachotaka kiwe na baraka. Ile ingine akaifunga mu ncha ya pagne, kitenge chake cha kiuno, asije muntu kuiweka kwa kukosea. Mutoto wake alikuwa anakufa, alitaka mikono yake ifanye kitu. Hiyo naielewa. Nilimufuata Athanase nyuma ya nyumba wakati ananawa, nikamuuliza, una hakika? Akasema, "Mama amesema." Akarudi ku kazi.

Waliondoka wawili, Athanase mbele, Raphaël nyuma na dawa ku kifua. Injini iliitika vizuri, sauti nzuri kuliko siku zote, bila kelele. Mama akapiga mikono. Na mimi nilipiga, siwezi kudanganya.

Yaliyofuata alinielezea Raphaël. Walipita Nyabiondo bila shida. Ku mulima wa kwanza baada ya pale, sauti ikakonda, ikawa nyembamba, halafu gurudumu ikafunga gafla na wote wakaanguka mu matope. Athanase hakuuliza kitu. Akakaa, akangoja chuma kipoe, akatia oili, akapiga kiki. Ikawaka. Wakaenda kidogo, ikafunga tena. Wakangoja tena. Raphaël alisema muda wote ule Athanase alikuwa anasema peke yake, polepole, sawa muntu anasali: karatasi haikupita, karatasi haikupita. Yeye Raphaël alizania ni homa.

Mbele ya Mpofi ikafunga kabisa. Wakaisukuma paka kwa muchuruzi mumoja wa pale, wakaiacha mu ukumbi wake, wakaanza kukimbia. Kukimbia na buti za mvua, mu njia ile. Baada ya Walikale wakakutana na ndugu ya Raphaël anapanda njia kuja kwetu. Alipowaona akakaa chini ku jiwe, akavua kofia. Dancille walikuwa wamekwisha kumuzika.

Dawa ilirudi nzima. Hata kichupa kimoja hakikuvunjika. Papa Léonard alizipokea, akazirudisha mu kabati, na mimi nilichukia ile kabati paka leo.

Lori ilipopata njia, ikarudisha pikipiki. Athanase akaifungua peke yake. Nilimukuta amekaa ku gunia na pistoni mu mukono, imechubuka pande zote, na nyama yake imebaki imegandamana ku ukuta wa silinda.

"Chuma kikipata joto kinavimba," akasema. "Kinataka pumzi. Nafasi ya karatasi tu, basi."

"Ulijua?"

Akaweka pistoni chini ku gunia.

"Walinifundisha hiyo siku ya kwanza mu garaji."

"Na ulinyamaza."

"Ningesema nini, Pétronille? Ni mama."

Nilimupiga. Nilimupiga na ngumi ku mabega, ku mugongo, na yeye hakujikinga, aliinamisha tu kichwa vile anainamisha kwa mama, na hiyo njo iliniongezea hasira. Nilitaka kumuambia mama siku ile ile. Nilitaka ajue. Kwa nini sisi tubebe na yeye alale? Nilijipangusa uso, nikatoka, na mama huyo, anaingia mu kiwanja.

Alikuwa na mutoto wa Dancille ku mugongo. Raphaël alimuleta kwetu ili anywe maziwa ya ngombe, na mama njo alikuwa anamulisha, tone kwa tone, na kidole. Alikuwa amekonda mama yangu. Uso ilibaki mifupa. Akapita mbele yangu, akaenda paka kwa Athanase, akafungua ncha ya pagne. Ile pistoni ya kulegea ilikuwa bado mule, mupya, inametameta.

"Chukua kitu chako, mutoto wangu," akasema. "Na usijilaumu. Pikipiki ni chuma cha Wazungu, inakufa siku inataka. Sisi tulichagua vizuri. Mimi usiku nikikosa usingizi, njo kitu kimoja kinanituliza: kama ungeweka hii, hata Nyabiondo hamungefika."

Athanase akaipokea na mikono mbili, uso pembeni.

"Ndiyo, mama."

Mama akanigeukia. Mutoto alianza kulia, akamutikisa kidogo, vile anatikisa kisabo.

"Si njo vile, Pétronille?"

Nilikuwa na maneno yote mu kinywa. Nilimuangalia macho, nikaona hakuna kitu kingine kinachomushikilia, ni ile neno yake tu.

"Njo vile, mama," nikasema.