Koti Lililobaki

Kaka yangu Muhsin alitutoka siku ya Jumanne asubuhi, kwenye kituo cha basi hapa ugenini, Edmonton. Pumu ilimbana, na pampu yake ilikuwa imebaki juu ya meza ya jikoni.

Kwetu vitu vya marehemu havikai ndani, hutolewa sadaka. Kabla ya arubaini mama alikuwa ameshatoa kila kitu. Kanzu zilikwenda msikitini. Kamera na diski ya picha alimpa Bhanu, rafiki yake Muhsin, kijana wa Kihindi kutoka Ahmedabad aliyekuwa akipiga video za harusi mtaa wa Southall, matangazo ya maduka ya sari, na nyimbo za wacheza ngoma. Mimi nilificha koti moja. Nilitaka harufu yake tu.

Miaka mitatu Muhsin alikuwa akitengeneza filamu ya mama, akimrekodi anavyosimulia alivyoondoka Unguja akiwa msichana. Bhanu alikuja mara mbili kushika taa.

Mwaka huu nikaona tangazo la tamasha la filamu la Stratford, wiki ya waongozaji chipukizi wa Kihindi. Katikati palikuwa na mikono ya mama ikikuna nazi. Chini yake: "Filamu ya Bhanu." Jina la ndugu yangu sikuliona popote.

Sikumpigia simu. Muhsin alinasa sauti kwa mashine yake ndogo, mbali na kamera, na kadi za sauti nilizikuta kwenye mfuko wa koti. Picha alizonazo Bhanu zilikuwa bubu. Nilijua atakuja.

Alikuja Jumapili na boksi la vitamu vya laddu.

"Dada Suad, Muhsin aliweka wapi sauti?"

"Ninazo."

Akashusha pumzi. "Nimehangaika mwezi mzima. Nilitaka kutafuta mtu amwigize Anti."

"Aniigize nani?" mama akauliza kutoka jikoni. "Mie si niko hai?"

Nikammiminia Bhanu chai ya moto sana. Nilitaka anywe polepole, nimtazame.

"Jina la Muhsin litakaa wapi?"

"Mwisho, kwenye shukrani."

"Na mwongozaji?"

"Dada, mimi ndiye niliyekata picha na kuziunga. Wamenichagua kama mwongozaji. Nikisema ni ya mtu mwingine wananitoa. Na Anti alinipa kwa mkono wake."

Mama akatoka na unga wa chapati mikononi.

"Nilikupa, baba. Sadaka hairudi. Kaa na picha zako." Akanigeukia. "Suad, na sauti niliitoa?"

"Hukuitoa, mama."

"Basi mpe chapati aende zake."

"Anti, tamasha ni wiki ijayo."

"Chukua mbili."

Bhanu aliniangalia mimi, akidhani nitalegea. Nilimfungulia mlango. Laddu zake nilizitia kwenye pipa la nje akiwa bado yuko kwenye ngazi, nikahakikisha ameona. Sikuona haya na wala sioni leo.

Siku tatu baadaye filamu iliondolewa kwenye ratiba. Hakuna aliyeiona, hata sisi.

Kadi ni kumi na moja. Kila moja inaanza na sauti ya Muhsin akitaja tarehe, kisha anasema, "Haya, mama." Kila Ijumaa baada ya alasiri tunakaa sebuleni tunasikiliza kadi moja. Picha anazo Bhanu.