Kuku wa Kumwombea Mbwa Msamaha

Haya nilisimuliwa na Benta mwaka wa tisini na moja, tukianika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni. Yeye alikuwa jirani wa Seline, mwenye huyo mbwa, na aliyaona kwa macho yake, naye si mtu wa kuongeza chumvi. Yalitokea mwaka wa themanini na nne, ule wa ukame, katika kijiji kimoja karibu na Pap Onditi.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yakaanza kujikunja. Ndipo chatu akatoka mtoni, akajilaza kwenye kichaka kando ya boma la Seline, mjane aliyeolewa kutoka Sondu. Watu wakafurahi kama waliotembelewa na askofu. Kwetu sisi, chatu akija nyumbani ni mgeni wa kuleta mvua. Hapigwi, hafukuzwi, analetewa chakula. Yule aliletewa bata, kisha mbuzi wa Seline mwenyewe, na akina mama wakamwimbia.

Shida ilikuwa Sajini, mbwa wa Seline. Siku ya nne alikata kamba, akamrukia chatu na kumng'ata karibu na mkia. Chatu akatoa mlio kama tairi linalotoka upepo, akaingia ndani kabisa ya kichaka.

Kufika saa sita uani palikuwa pamejaa watu. Dalmas, kijana wa jirani, alikuwa amemshika Sajini shingoni. Absalom, shemeji yake Seline, alikuja na kamba mpya.

"Nyar Sondu," akasema, yaani binti wa Sondu, "huyu leo anatundikwa. Mgeni akiondoka na hasira, tutakula nini? Tutakula mbwa wako?"

"Mzee, si ni huyu huyu alimkamata mwizi wa ng'ombe wako? Ulimpa mfupa kwa mkono wako, ukamwita mwanaume."

"Hiyo ilikuwa siku hiyo."

"Na mbuzi wangu, yule alimezwa juzi mkiimba? Yeye hakuwa na roho?"

"Mbuzi ni chakula, Mama," Dalmas akadakia. "Hata wewe Krismasi ulimla ndugu yake. Tena ulilamba vidole!"

Watu wakacheka. Ni kweli Seline alilamba. Sajini alikuwa anamtazama akitingisha mkia. Alidhani wanaenda shambani.

"Basi tumwulize mgeni mwenyewe," Seline akasema. "Nimpe kuku wa kuomba msamaha. Akimla, amesamehe, na mbwa ni wangu. Akimkataa..."

"Akimkataa, kamba," Absalom akamalizia. "Tutangoja mpaka kivuli cha ghala kifike mlangoni kwako. Na awe kuku wa maana, si yule jogoo wako wa kukohoa."

Kuku wa maana alikuwa mmoja tu, mwekundu, mwenye vifaranga saba vya siku tisa. Alizoea kula mkononi mwa Seline. Alipoitwa, akaja mbio. Seline akafunika vifaranga kwa kikapu, akamfunga mama yao mguu kwenye kigingi kando ya kichaka.

Wakangoja. Kuku hakuogopa kitu. Alichakura, akapata mdudu, akaita watoto, nao wakamjibu kutoka kikapuni. Kivuli kikasogea. Dalmas akamfunga Sajini kamba shingoni, akarusha ncha yake juu ya tawi.

Kichwa cha chatu kikatokeza, ulimi ukaonja hewa. Kisha kikarudi ndani.

"Basi," Absalom akasema, akasimama.

Seline akapiga magoti. "Mmeze," akanong'ona. "Mmeze sasa, baba. Nakuomba, mmeze."

Benta alikuwa ubavuni mwake. Aliniambia hajawahi kusikia mtu akiomba hivyo, hata kanisani.

Kivuli kilikuwa kimebakisha hatua moja. Majani yakatikisika, kuku akalia mara moja tu, na wanawake wakapiga vigelegele. Absalom akamfungua mbwa, akampiga kofi la mgongoni. "Una bahati, mwanaume!" Tayari walikuwa marafiki.

Watu walipoondoka, Seline akafunua kikapu. Vifaranga vikakimbilia kwenye kigingi. Ikabidi avikamate kimoja kimoja, akitambaa. Sajini akaja kunusa, akitaka kucheza. Seline akamzaba kofi la pua, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Kuku ni kuku, Seline," Benta akamwambia.

"Ndiyo. Hata mimi nilijiambia hivyo nikimfunga." Akarudisha kifaranga cha mwisho kikapuni. "Lakini uliona alivyokuja nilipomwita?"

 Benta alilala huko usiku huo ili asimwache peke yake, na usingizi ukamchukua mapema; yaliyofuata alisimuliwa na Seline asubuhi. Seline aliketi kando ya kikapu, mkono wake ukiwa juu ya vifaranga. Vililia, vikimsukuma kiganja kutafuta manyoya. Kimoja kikasinzia, kisha kingine. Cha saba kilikaidi muda mrefu. Kilipotulia, Seline hakuthubutu kuuondoa mkono, akalala hivyo hivyo ameketi.